Kutoka Ukoko hadi Biskuti: Historia ya Mlo wa Mbwa na Maneno Yake

Kiswahili ni lugha karimu kwa mlo wa binadamu. Kina staftahi, chamcha na chajio. Mwezi wa Ramadhani kina futari na daku. Msafiri ana masurufu yake, mzazi aliyejifungua ana uji wake wa pilipili manga, na anayekula ugali mkavu walau ana neno la kumsikitikia: amekosa kitoweo. Mbwa, aliyelala mlangoni petu kwa maelfu ya miaka, hana hata jina moja la mlo ulio wake. Tunasema amekula makombo, amekula masazo, ameramba ukoko, ameokota mfupa. Yote hayo ni majina ya chakula chetu sisi, pale kilipokwisha kuwa si chetu.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa mshairi anayeshughulika na mapenzi na mauti. Mimi naliona kubwa, kwa kuwa lugha hutunza kumbukumbu hata pale watu wanaposahau. Siku hizi, mijini na vijijini, watu wengi wanachukua mbwa waliokosa wenyewe na kuwalea, kisha wanauliza: nimpe nini atakachokipenda? Nimpe nini cha kutafuna asije akamaliza viatu? Hudhani kwamba swali hilo ni la dukani. Kwa maoni yangu ni swali la historia kwanza: historia ya mbwa wote, kisha historia ya mbwa huyo mmoja.

Makombo na masazo

Tuanze na maneno mawili ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni pacha. Masazo yanatokana na kitenzi saza, yaani kubakiza. Makombo yanatokana na komba, yaani kukwangua chombo hadi kisibaki kitu. Neno la kwanza linamtazama aliyeshiba, kwa kuwa ndiye aliyesaza. La pili linamtazama mwenye njaa, kwa kuwa ndiye anayekomba. Chakula ni kile kile na sahani ni ile ile, lakini jicho limehama kutoka jamvini hadi mlangoni.

Ukoko, ambao wengine huuita utandu, ni ule wali au ugali uliogandamana na sufuria. Huu nao mbwa haupati kirahisi, maana nyumba yenye watoto huugombania. Nilipokuwa nikifundisha, kila mwaka alitokea mwanafunzi wa kueleza kwamba mbwa koko ameitwa hivyo kwa sababu hula ukoko. Ni maelezo matamu, lakini kamusi za zamani zinatupeleka kwingine. Koko ni kichaka, hasa kile kisitu cha mikoko ya pwani, na mbwa koko ni mbwa wa kichakani, asiye na mwenyewe. Hata hivyo, sikuwahi kumcheka mwanafunzi huyo. Alikuwa ameona kweli moja ambayo kamusi haikuitaja: kwamba kwetu mbwa hujulikana kwa anachopewa au kunyimwa.

Jina lenyewe la mbwa ni la kale mno. Muganda husema embwa. Mnyarwanda, Mrundi na Mshona wa Zimbabwe husema imbwa. Msemaji wa Lingala husema mbwa kama sisi. Wamisionari walioandika kamusi za pwani katika karne ya 19 waliandika pia umbwa. Neno linapoenea eneo kubwa namna hii bila kubadilika sana, wanaisimu hulihesabu kuwa ni urithi wa pamoja, lililokuwapo kabla wahenga wa lugha za Kibantu hawajatawanyika. Tunaweza basi kusema kwamba mbwa hakutukuta njiani. Tulitoka naye nyumbani.

Tukitafuta katika lugha neno lenye harufu ya haki, nalipata moja tu: posho. Posho ni chakula kinachopimwa na kutolewa kwa anayefanya kazi, awe kibarua au askari. Mbwa wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi la Tanzania anaweza kusemwa kuwa anakula posho, kwa kuwa yuko kazini. Mbwa wa nyumbani, anayelinda usiku kucha bila kuandikwa popote, husubiri tusaze.

Mlango wa msasi

Katika pwani yetu, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hukumu hiyo ndiyo iliyoamua mbwa atakula wapi na katika chombo gani. Hakuingia jikoni, wala sahani ya nyumba haikumhusu. Mara nyingi alitengewa kigae cha chungu kilichovunjika, au kifuu cha nazi. Methali yetu inaonya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, na msemaji wa methali hiyo anawaza miguu na mate, hawazi uovu wa mnyama.

Lakini ni makosa kudhani kwamba sheria ilimfukuza mbwa. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa tangu mwanzo. Aya ya 4 ya Sura ya al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Mafundisho ya Mtume kwa Adi bin Hatim yanaongeza sharti: mbwa akila katika windo hilo, basi amejikamatia mwenyewe, na mwindaji asile. Hebu tulizingatie sharti hilo kwa jicho la mlo. Mbwa wa msasi, mwenye njaa, aliyekimbia nusu siku, mwenye harufu ya damu puani, anatakiwa asimame juu ya nyama na asubiri. Mbwa hafunziki hivyo kwa kiboko peke yake. Lazima awe anajua kwa yakini kwamba bwana wake akifika, fungu lake litatoka. Subira ya mbwa ilijengwa juu ya uaminifu wa mtu.

Hadithi nyingine inayosomwa sana misikitini inamtaja mtu aliyemwona mbwa akila udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Upande wa pili, Injili ya Mathayo sura ya 15 inamtaja mwanamke Mkanaani aliyejenga hoja yake yote juu ya vipande vinavyowaangukia mbwa kutoka mezani mwa mabwana zao, na hoja hiyo ikashinda. Masimulizi haya mawili yanakubaliana katika jambo moja. Anachopewa mbwa kinapimwa pia mbinguni, hata kama ni maji ya kiatuni au chembe za mkate.

Uji wa Warumi na biskuti za London

Wapo wanaoamini kwamba mbwa wa kweli hula nyama tu, na kwamba ugali ni fedheha ya umaskini wetu. Historia haikubali. Columella, mwandishi wa kilimo wa Dola ya Roma katika karne ya 1, mzaliwa wa Gades iliyoko Hispania ya leo, aliandika juu ya mlo wa mbwa wa shamba. Penye mifugo, alisema, wapewe unga wa shayiri na maji ya maziwa yaliyoganda. Pasipo na maziwa, wapewe mkate uliochanganywa na maji yaliyochemshiwa maharagwe, lakini yawe vuguvugu, kwa kuwa yakiwa moto sana yataleta kichaa cha mbwa. Sababu aliyoitoa si sahihi, kwani kichaa cha mbwa huletwa na virusi. Ila mlo wenyewe ni ndugu wa damu na ule wa kwetu, uji wa pumba na mchuzi wa maharage, na neno vuguvugu tulitunze, tutalirudia.

Sayansi nayo imemtetea Columella. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden walitangaza katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi kuliko mbwamwitu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Maana yake ni kwamba mbwa hakuishi tu karibu na vyungu vya wakulima. Vyungu hivyo vilimbadilisha tumbo. Ukoko umo ndani ya damu yake.

Chakula cha kununua ni cha juzi tu. Katika miaka ya 1860 Mmarekani James Spratt, aliyefika Uingereza kuuza fimbo za kuzuia radi, alianza kuuza jijini London biskuti za mbwa zilizotengenezwa kwa ngano, mboga, kiazisukari chekundu na nyama. Husimuliwa kwamba wazo alilipata bandarini, alipowaona mbwa wakigombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa. Masimulizi hayo yawe kweli au yawe chumvi ya biashara, yanatuonyesha kwamba hata biskuti ya kwanza ilitaka ijulikane kuwa ilianza kama masazo. Katika kampuni hiyo aliajiriwa kijana Charles Cruft, ambaye baadaye alianzisha maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake, Crufts, mwaka 1891. Chakula kilianza kuuzwa kwanza, na maonyesho hayo ya Crufts yakafuata nyuma yake.

Mwaka 1908 kiwanda cha F. H. Bennett huko New York kilitengeneza biskuti yenye sura ya mfupa, iliyokuja kujulikana kama Milk-Bone. Washairi watalitambua tendo hilo mara moja: ni istiara iliyotiwa tanuri. Unga ulivikwa umbo la mfupa, si kwa ajili ya mbwa, ambaye hununua kwa pua, bali kwa ajili ya mwenye pochi. Mwaka 1922, huko Rockford, Illinois, ndugu wa ukoo wa Chappel walianza kuuza nyama ya farasi katika makopo kwa jina la Ken-L Ration, wakati magari yalipokuwa yakiwaondoa farasi kazini. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, bati likawa la jeshi, kopo la mbwa likakosekana, na chakula kikavu kikachukua nafasi. Mwaka 1957 kampuni ya Purina ikaingiza sokoni punje zilizopikwa kwa mvuke na mgandamizo, zikasukumwa kupitia tundu na kufura. Punje hizo zikishakauka hunyunyiziwa mafuta na rojo ya nyama, kwa sababu bila harufu mbwa huzipita. Kiwanda kilizunguka dunia nzima kikarudi pale pale alipokuwa mama wa kijijini, anayemwagia ugali wa mbwa mchuzi kidogo ili aukubali.

Tukiutazama msafara huu wote, tunaona kwamba mbwa hakuacha kula makombo. Yalibadilika makombo. Palipokuwa na ya jikoni pakawa na ya kinu na ya machinjio, yakapewa mfuko wenye picha na jina la kupendeza. Sisemi hivyo kwa kejeli. Punje zilizopimwa vizuri zina madini na vitamini ambavyo ugali mtupu hauna, na mbwa wengi wameongezewa umri nazo. Nasema tu kwamba anayedharau sufuria ya jirani yake kwa sababu ana mfuko wa dukani hajaisoma historia ya mfuko wake.

Kipya si kinyemi

Sasa nimfikie mbwa mgeni. Kiswahili cha sheria kina neno zuri kwa kumchukua mtoto asiye wako na kumfanya wako: kuasili. Ndani ya neno hilo mmekaa asili. Anayeasili humpa mtoto asili mpya, lakini mtoto hafiki mtupu. Huja na asili yake. Mbwa ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa hawezi kuisimulia.

Jirani yangu mmoja, mzee mjane, alifariki dunia akaacha mbwa dume wa makamo. Watoto wa marehemu wanaishi mbali mijini, na walipomaliza matanga waliniomba nimchukue. Mmoja wao, kwa wema, alininunulia mfuko wa punje za bei. Siku mbili mzima yule mbwa hakuzigusa. Alizinusa, akarudi kulala mlangoni akitazama nyumba iliyofungwa. Alikunywa maji tu. Nikamwendea binti aliyekuwa akimpikia marehemu, nikamuuliza swali moja: "Mzee alikuwa akimpa nini?" Akajibu, "Babu hakumpa chochote cha peke yake, mwalimu. Alikuwa akimmegea ugali wake, anauvunjavunja, anamwagia maji ya dagaa kabla sijaunga. Na ukoko wote ulikuwa wa mbwa, maana Babu hakuwa na meno." Jioni ile nilivunja ugali, nikachemsha dagaa bila chumvi, nikamwaga maji yake yangali vuguvugu. Alisimama kabla sijaiweka sahani chini. Kwa siku zilizofuata nikatia punje chache, kisha zaidi kidogo, mpaka baada ya siku kumi hivi akawa anakula nusu kwa nusu.

Nilichojifunza hapo kina msingi mpana kuliko kisa kimoja. Mwaka 2006 watafiti wa Queen's University Belfast walichapisha matokeo ya kuwalisha mbwa wenye mimba na wanaonyonyesha chakula chenye kiungo cha anisi. Watoto wao, walipoanza kula, walikipenda chakula chenye harufu hiyo kuliko watoto wa mama wengine. Mbwa huanza kujifunza mlo tumboni na katika ziwa la mama. Na ingawa mbwa aliyetulia nyumbani kwake mara nyingi hufurahia kionjo kigeni, yule aliye katika mazingira asiyoyajua huelekea kushika kile anachokifahamu. Methali isemayo kipya kinyemi, ingawa ni kidonda, haikumlenga yeye. Kwa mbwa mgeni kila kitu ni kipya: sauti, sakafu, jina analoitwa. Sahani pekee ndiyo inayoweza kumwambia kwamba si yote yaliyopotea.

Waliozoea kazi ya kuwatafutia mbwa makao hutaja siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu: siku tatu za woga, wiki tatu za kuzoea taratibu za nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbwa tumwongezee siku. Niliyaweka hayo katika ubeti mmoja, nao ni huu:

Mgeni aliye ndani, hamjui mwenye nyumba,
Japo nyama sahanini, atakaa kama mwamba,
Muulize kwa makini, kwao alikula pumba?
Mpe kwanza cha zamani, kipya atakuja lamba.

Kwa hiyo anayetaka kujua mbwa wake atapenda nini aanze kwa kuuliza alikotoka. Kama alikuwa wa mtaani, pua yake inajua vichwa vya samaki na mifupa ya mama ntilie. Kama alilelewa shambani, anajua uji wa pumba. Kama hakuna wa kuulizwa, jaribu harufu zilizo karibu na maisha ya huku: dagaa waliochemshwa bila chumvi, utumbo, pafu au moyo wa ng'ombe uliopikwa, yai lililochemshwa. Toa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, ili tumbo likikataa ujue limekataa nini. Na uwe vuguvugu, kama alivyosema Columella. Joto huinua harufu, na kwa mbwa harufu ndiyo nusu ya utamu. Mbwa akipitisha siku mbili bila kula na ananyong'onyea, au anatapika, hapo historia imemaliza kazi yake. Aitwe daktari wa mifugo.

Yapo pia mambo ambayo sufuria yetu inamdhuru mbwa bila sisi kujua. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Chokoleti, zabibu na sukari ya badala iitwayo zailitoli, inayotiwa katika baadhi ya jojo na peremende, ni sumu kwake. Mahindi au pumba zilizoota ukungu, ambazo wengine husema "si mbaya kwa mbwa", huweza kuwa na sumukuvu, na ini la mbwa halivumilii sumu hiyo kama ambavyo letu halivumilii.

Hapa ndipo lugha inaponikamata tena. Katika jiko la Mswahili, mchuzi hauitwi mchuzi mpaka umeungwa, na kuunga ni kutia kitunguu. Masazo yetu, basi, karibu yote yana kitunguu ndani yake. Yule binti alisema bila kujua mambo ya chembe za damu: "kabla sijaunga." Maneno hayo mawili yanapindua mpangilio wa maelfu ya miaka. Chakula kinachochotwa kabla ya kuunga hakijasazwa na mtu wala hakikombwi na mtu. Kimetengwa kabla mwenye nyumba hajala. Kiswahili kina jina lake, nalo tunalitumia katika mirathi, katika nyama ya sadaka na katika windo: fungu.

Mfupa uliomshinda fisi

Limebaki swali la kutafuna. Methali inauliza: mfupa uliomshinda fisi, mbwa atauweza? Watu huitumia kwa siasa na kwa michezo, lakini aliyeitunga alikuwa ametazama wanyama kwa macho yake. Fisi huvunja mfupa mkubwa kwa taya na kuuyeyusha tumboni, hata kinyesi chake kikawa cheupe kwa chokaa. Mbwa hana taya hizo wala tumbo hilo. Mfupa kwake ni wa kuguguna, si wa kumeza.

Na hapa Kiswahili hakina umaskini hata kidogo. Mbwa huguguna mfupa, hung'ata mgeni, hutafuna nyama, hulamba sahani, hubugia akiogopa kunyang'anywa, hufakamia akiwa na njaa ya siku nyingi, na akizeeka na kuishiwa meno humung'unya. Mwenye kumtazama mbwa mgeni kwa vitenzi hivi atajua hali yake. Anayefakamia anasimulia njaa aliyoipitia, na atengewe mahali pasipo na wa kumsumbua. Anayeguguna polepole, macho nusu yamefumbwa, ameanza kuamini kwamba yuko salama. Kuguguna humtuliza mbwa, na ndiyo maana kiatu huliwa zaidi katika majuma ya kwanza.

Tumpe nini badala ya kiatu? Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, isitolewe: huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Pembe na kwato ngumu huvunja meno. Madaktari wa mifugo hutoa kipimo chepesi: kama ukucha wako hauwezi kuacha alama juu yake, ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Buchani kwetu yapo mambo mengi laini kuliko hayo, na ya bei nafuu: sikio la ng'ombe lililokaushwa, kano nene, koromeo lililokaushwa. Karoti mbichi iliyotiwa baridi huwafurahisha wengi, hasa watoto wa mbwa wanaoota meno. Ngozi ngumu za kununua zitumike kwa tahadhari, kwa sababu kipande kikubwa kikimezwa huweza kuziba utumbo. Na kwa chochote kile, mtu awepo karibu akitazama.

Vitu hivi vyote havina jina la pamoja katika lugha yetu, na maduka yanauza kwa majina ya kigeni. Napendekeza tuvipe jina. Tunalo tayari neno vitafunwa kwa vile vinavyosindikiza chai, na wengine husema vitafunio. Kwa mfano huo tungeweza kusema kigugunwa. Lakini muundo wa kutendwa unaonyesha kitu kinacholiwa kikaisha, ilhali hapa tunataka kitu cha kuguguna bila haraka, pengine bila kumezwa kabisa. Kwa hiyo naona bora kigugunio, kwa muundo ule ule uliotupa kikalio kutokana na kukalia na kichezeo kutokana na kuchezea. Kigugunio ni kile ambacho mbwa hugugunia. Jina lenyewe linabeba onyo la daktari: ni cha meno na utulivu, si cha tumbo.

Naomba wasomaji wapime pendekezo hili, walikosoe na kuliboresha. Walioko Lamu, Pemba, Kigoma na Lubumbashi huenda wana neno lililotangulia, ambalo halijaingia kamusini, na hilo litakuwa na haki ya kwanza. Kuhusu mlo wenyewe, mimi sitafuti neno jipya. Fungu linatosha. Limekuwa kinywani mwetu tangu msasi alipoweka sharti kwa mbwa wake na mbwa akalitimiza, na kazi iliyobaki ni yetu: kulichota kabla ya kuunga.